Jiko la Unga wa Mbao: Hitilafu Zake na Jinsi ya Kuzirekebisha

Wahenga walisema kuwa mafiga mawili hayainjiki chungu. Wapagazi wa misafara iliyopita Unyanyembe katika karne ya 19, wakitoka pwani kwenda Ujiji, walilijua jambo hilo kwa vitendo, na kuni walizipata katika miombo iliyowazunguka. Siku hizi miti ya Tabora hukatwa kwa ajili ya mbao, mkaa na kukaushia tumbaku. Hata hivyo, mti unapopasuliwa mbao, sehemu yake hubaki chini ya msumeno ikiwa unga. Mkazi wa Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, anaweza kupikia unga huo wa mninga au mkora badala ya kununua mkaa.

Jiko lake hutengenezwa kwa debe lililotobolewa tundu ubavuni, karibu na kitako. Kijiti hupitishwa katika tundu hilo mpaka katikati ya debe, na chupa husimamishwa juu ya ncha yake. Kisha unga hushindiliwa pande zote mpaka debe lijae. Chupa na kijiti vikichomolewa taratibu, hubaki njia ya hewa yenye umbo la herufi L. Moto huwashwa chini, na jiko huweza kuwaka kwa saa kadhaa bila kuongezwa kitu.

Watu wengi hulijaribu jiko hili mara moja, wakaliacha kwa sababu ya moshi. Kosa si la jiko. Moto nao una mafiga yake matatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Figa moja likikosekana, moto huharibika. Na tutazame hitilafu moja baada ya nyingine.

1. Jiko linatoa moshi mwingi

Kinachowaka kwa mwali si mti wenyewe bali ni gesi zinazotoka ndani yake unapopata joto. Gesi hizo zikipanda bila kuungua, ndizo tunazoziona kama moshi. Sababu kubwa ni unyevu. Chukua kilo 1 ya unga mbichi ambao nusu yake ni maji. Kuyapasha maji hayo ya nusu kilo kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Sentigredi, na kisha kuyageuza mvuke, huhitaji kilojuli 1,300 hivi. Nusu kilo ya mti mkavu iliyobaki hutoa kilojuli 9,000 hivi. Yaani sehemu moja kati ya saba ya joto lote hupotea. Zaidi ya hayo, mvuke huupoza mwali, na gesi hutoka nje bila kuungua.

Dawa yake ni jua. Unga uanikwe juu ya mkeka wakati wa kiangazi, ugeuzwe mara kwa mara, kisha uhifadhiwe mahali pasipovuja kabla ya mvua za Novemba.

2. Moto unafifia na kuzimika

Hapa figa lililokosekana ni hewa. Chunguza tundu la chini: huenda limezibwa na majivu au unga ulioanguka. Lisafishe kwa kijiti. Tazama pia sufuria. Ikikaa juu ya mdomo wa debe bila nafasi, hewa chafu haina pa kutokea, na hewa safi haiwezi kuingia. Weka vijiwe vitatu vya kuinyanyua kiasi cha sentimita 2.

3. Unga unaporomoka

Unga haukushindiliwa vya kutosha, au umechanganywa na maranda mengi yatokayo kwenye randa, ambayo hayashikamani. Shindilia tabaka kwa tabaka, na uichomoe chupa kwa kuizungusha. Jiko likiisha kuwaka lisisogezwe wala lisiongezwe unga.

4. Moto ni mkali mno

Punguza hewa kwa kuziba sehemu ya tundu la chini kwa kipande cha bati. Usilizibe lote, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi.

Hatari isiyoonekana

Hewa ikiwa haba, mwako hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Jiko hili huendelea kufukuta hata baada ya mwali kwisha. Kwa hiyo lisilazwe kamwe ndani ya chumba, hata usiku wa baridi. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje upesi na apelekwe hospitali. Vilevile, unga wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa usichomwe, kwani moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu.

Katika Ulaya na Marekani yako majiko yanayotumia vidonge vya unga wa mbao uliogandamizwa, vyenye kipenyo cha milimita 6 na unyevu usiozidi asilimia 10. Vidonge huletwa motoni na parafujo inayozungushwa na mota ya umeme, na hewa huletwa na feni. Lakini fundi wa majiko hayo naye huanza kwa kuuliza maswali yale yale: Je, vidonge ni vikavu? Je, majivu yameondolewa? Je, hewa inapita?

Jaribio

Pima gramu 100 za unga wa mbao. Uanike juani na uupime kila siku mpaka uzito usibadilike tena. Gramu zilizopungua ndizo asilimia ya maji yaliyokauka. Kisha washa majiko mawili yanayolingana, moja la unga mkavu na jingine la unga mbichi, nje ya darasa. Pima muda ambao lita 1 ya maji huchukua hadi kuchemka katika kila jiko, na ueleze sababu ya tofauti utakayoiona.