Fahamu: Mkondo wa Somalia, maji yanayogeuka na msimu

Mkondo wa Somalia hupita kando ya Pembe ya Afrika na kugeuza mwelekeo mara mbili kwa mwaka. Mikondo mikubwa ya namna hii ni nadra sana duniani.

Kinachougeuza

Ni upepo. Kusi huusukuma kaskazini, kasi ikiweza kuzidi mita 2 kwa sekunde. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba, mkondo hurudi kusini hadi ukutane na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Hapo maji hugeukia mashariki, bahari kuu.

Kwa nini ni muhimu

Wakati wa kusi, maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka kilindini pwani ya Somalia. Vijimea vya baharini hustawi, na samaki hupata chakula.