Gurudumu Likipasuka Njiani: Mtu Kwanza, Mpira Baadaye

Kila siku kabla ya mapambazuko malori huonekana yakipita karibu na Pumwani, Nairobi, mengine yakileta mboga kutoka mashambani, na mengine yakija soko la Gikomba kupakua au kuchukua marobota ya mitumba. Pumwani ilipoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, motokaa zilikuwa chache sana mjini. Leo magari ni mengi, na mafundi wa pancha hungoja wateja kando ya barabara, wakiwa na pampu, jeki na karai la maji. Mtu akitoboka gurudumu mahali kama hapo, shida yake si kubwa. Humwita fundi, hulipa, kisha huenda zake.

Lakini dereva huyo huyo akiisha kutoka mjini na kushika barabara kuu ya Mombasa, Nakuru au Thika, mambo ni mbali kabisa. Huko tundu dogo katika mpira laweza kuleta msiba, na msiba wenyewe mara nyingi huletwa na magari yajayo kwa nyuma.

Gari liendalo mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 kwa sekunde moja. Dereva wake akikuona umechuchumaa penye gurudumu, naye yu umbali wa mita 20, hana hata nafasi ya kuhamisha mguu wake kwenda kwenye breki. Wala kando ya barabara si mahali pa salama daima. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani, kati ya Kericho na Nakuru, lori lilipoteza mwelekeo likayaparamia magari, wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Hawakuwa wakibadili gurudumu, lakini msiba wao wamfunza kila mtu asimamaye karibu na barabara kuu.

MPIRA HUNUNULIWA TENA

Gurudumu likipasuka ghafula, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, uache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha washa taa za tahadhari na ulipeleke gari polepole upande wa kushoto mpaka litoke kabisa kwenye lami, mahali palipo sawa na penye udongo mgumu. Usisimame kwenye kona wala karibu na kilele cha mlima, kwa maana ajaye hataweza kukuona mapema.

Hapa ndipo wengi hukosea. Madereva wengi hawaendeshi magari yao wenyewe. Dereva anajua kwamba akiendelea mita 200 juu ya gurudumu lisilo na upepo, mpira utakatika, na mwenye gari atauliza. Pengine gharama itakatwa katika mshahara wake. Kwa hofu hiyo husimama pale pale pancha ilipotokea, ijapokuwa nusu ya gari iko barabarani, naye hulala chini karibu na lami kuokoa mpira.

Basi, yampasa kila mwenye gari kumwambia dereva wake mapema, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba mpira ulioharibika kwa kutafuta mahali pa salama hautakatwa katika mshahara wake. Mkulima aliyenunua gari dogo la kupelekea maziwa sokoni, na karani aliyenunua motokaa kuukuu kwa akiba yake, nao wafuate shauri hilo hilo. Rimu na mpira hununuliwa tena.

KABLA YA KUSHIKA JEKI

Gari likiisha kusimama, abiria wote washuke kwa mlango wa kushoto, waende mbali na barabara, penye nyasi. Wasisimame mbele wala nyuma ya gari, na watoto washikwe mikono.

Kisha weka pembetatu nyekundu zing'aazo, ambazo sheria ya Kenya yataka zichukuliwe garini. Watu wengine huziweka hatua tano tu nyuma ya gari, na hapo hazimsaidii mtu. Zipeleke hatua 50 au zaidi, na katika barabara ya magari ya kasi hatua 100. Ikiwa kuna kona, ya nyuma iwe kabla ya kona. Unapokwenda kuiweka, tembea penye nyasi ukiyatazama magari yajayo.

Matawi ya miti yanayotumiwa na madereva wengi ni bora kuliko kukosa alama yo yote, lakini usiku hayang'ai. Mawe barabarani ni hatari. Dereva mwenye shida huyapanga, hutengeneza gari lake, kisha huondoka na kuyaacha pale pale. Saa mbili baadaye mwendesha pikipiki huyakuta gizani. Ajali ya mmoja isiachiwe mwingine.

Sasa vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, na uzuie kwa gogo au jiwe gurudumu la upande mwingine lisiloinuliwa. Legeza nati kidogo gari lingali chini. Jeki iwekwe juu ya ubao ikiwa udongo ni laini. Mtu ye yote asikae ndani ya gari, wala asiingie chini yake, maana jeki huteleza. Ukiisha kuvalisha gurudumu la akiba, kaza nati kwa kupokezana, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, halafu shusha gari ukaze tena. Baada ya mwendo mfupi simama mahali pema uzijaribu tena.

Ikiwa gurudumu lililotoboka ni la kulia, karibu na magari yapitayo, wala huna nafasi ya kusogea zaidi, usibadili. Kaeni mbali na gari, mwombe msaada. Polisi hupatikana kwa simu ya 999 au 112.

Kwa mafundi na matingo wa malori liko neno jingine. Rimu za malori mengine zina ringi ya chuma ya kufungia. Ringi hiyo isipokaa sawasawa, upepo ukitiwa huweza kuruka na kumwua mtu. Upepo utolewe wote kabla ya kuifungua. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame kando akitumia mpira mrefu wa pampu.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini pancha nyingi huanza nyumbani. Mpira wenye upepo mdogo hupata joto jingi katika mwendo mrefu, kisha hupasuka. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, magurudumu yakiwa baridi, na usisahau lile la akiba. Tazama pia tarakimu nne za mwisho zilizoandikwa ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira mkuukuu waweza kuonekana mzima, na ndani umekwisha kuchakaa.

Mambo haya yote hayachukui muda mrefu. Mzigo ukichelewa Gikomba saa moja, mwenye mzigo atanung'unika, kisha atauza. Nyumbani kwa dereva wanamngoja yeye mwenyewe.