Ndiva Ikae Chini ya Herufi Gani?

Kamusi ya kialfabeti huliweka neno la Chasu ndiva katika herufi N, mbali na mfereji na zamu. Mkulima wa Suji hulijua kwa mahusiano yake: bwawa dogo linalojazwa usiku kwa maji ya kijito, likafunguliwa asubuhi ili mashamba yanyweshwe kwa zamu. Teknolojia ya kupanga maarifa kwa maana huhifadhi mahusiano hayo hasa. Kila dhana hupewa namba yake na kuungwa na jirani zake, hata kompyuta itambue kwamba ndiva ni bwawa, ila si kila bwawa ni ndiva.

Hatuanzi patupu. Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Ryohei Kagaya akatoa msamiati uliopangwa kimaana, Tokyo, 1989. Mradi wa Lugha za Tanzania ulianza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001. Kinachokosekana ni jumuiya ya kuziunganisha kazi hizi. Mtaalamu wa kompyuta haijui ndiva. Mwanaisimu, nami nikiwemo, huitafsiri “bwawa” upesi mno. Mzee aliyegawa maji ndiye aijuaye tofauti, na umri unamwacha. Napendekeza tuanze kwake, kabla ya kununua mashine.