Safari ya Pamoja Nyungwe

Likizo zinapolingana, familia zetu hapa Rusizi hupenda kusafiri pamoja, nao msitu wa Nyungwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, uko mlangoni petu. Kufika si kazi. Kazi ni kupanga vituo.

Mwaka jana tuliondoka Kamembe watu kumi na wanne, tukitaka kuona yote kwa siku moja. Sokwe wa Cyamudongo hufuatwa tangu alfajiri, na kijisitu chao kimejitenga mbali na barabara ya Uwinka. Watoto wadogo hawaruhusiwi huko, basi wakangoja garini pamoja na wazee. Tulipofika Uwinka saa tisa alasiri, mvua ilikwisha tuzuia. Mke wa mwenzetu mmoja hakutusemesha mpaka Jumatatu, na haki alikuwa nayo.

Mwaka huu tumekata shauri tulale Gisakura, penye mashamba ya chai. Wenye miguu watawafuata sokwe; wengine watatembea taratibu hadi maporomoko ya maji. Kesho yake sote tutakwenda Uwinka kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010, lenye urefu wa mita 160.

Fedha anazishika mama mmoja, naye huzipokea kabla ya safari. Askari akiitwa kazini ghafula, ndugu yake hushika nafasi yake. Na kila mtoto abebe sweta: Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460, lakini Uwinka inakaribia 2,500, na asubuhi meno hugongana.