Chumvi Iliyokamatwa kwa Mwanga

Jioni mjini Arua, sufuria ya maharagwe ikifurika, maji ya chumvi hudondokea makaa na ndimi za moto hugeuka njano. Ile njano ni ya sodiamu, nusu ya chumvi yetu ya mezani. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 589, na atomu inayoitoa rangi hiyo ndiyo pia huimeza.

Hapo ndipo mwanga unapopata nguvu ya kusukuma. Kila atomu ya sodiamu inapomeza fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, kasi yake hubadilika kwa takriban sentimita 3 kwa sekunde. Ni kidogo mno: mvuke wa sodiamu utokao tanuri hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde. Basi zinahitajika fotoni zipatazo 30,000, zote zikitoka mbele yake. Lakini atomu humeza na kutema mamilioni kwa sekunde, na zile inazotema huenda huku na huko, misukumo yake ikafutana.

Je, mwanga unaijuaje atomu ya kuizuia? Simama kando ya barabara ya Koboko usikilize bodaboda ikipiga honi: inapokuja sauti ni nyembamba, ikishapita huwa nzito. Mwanga nao ni hivyo. Leza huwekwa kwenye rangi iliyoelemea wekundu kidogo, ambayo atomu iliyotulia haiijali sana. Atomu inayoukimbilia mwanga huiona rangi hiyo imepanda hadi ile iizoeayo. Huimeza, na kupunguzwa mwendo. Miale 6, kutoka pande zote, huizuia kokote ielekeako. Mwaka 1985, Steven Chu na wenzake wa Bell Labs, Marekani, waliipoza sodiamu hivyo, kwani kupoza ni kupunguza mwendo wa atomu, hadi sehemu 240 za milioni ya kelvini juu ya sifuri halisi. Atomu zikawa zinakwenda nusu mita kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea.

Kupunguza mwendo, hata hivyo, si kukamata. Atomu hizo zilivuja taratibu. Mwenzao Arthur Ashkin alikuwa na dawa: mwale mmoja uliokusanywa kwenye nukta. Kama rangi yake iko mbali upande wa wekundu, atomu haiumezi. Huvutwa tu kuelekea pale mwanga ulipo mkali zaidi. Mwaka 1986 nukta hiyo ilishika atomu 500 hivi.

Na ukiisogeza nukta polepole, atomu hufuata. Mimi hili ndilo hunistaajabisha kuliko yote. Mwaka 2016 makundi mawili, moja Ufaransa na jingine Marekani, yalitumia nukta nyingi kwa pamoja, kila moja ikiweza kushika atomu moja tu, yakapiga picha kuona zipi ni tupu, kisha yakahamisha atomu moja moja kujaza mapengo, hadi zikasimama kwa safu, hamsini hivi.