Kamera Inavyosaidia Mashine Kupachika Vijenzi vya Saketi

Fundi wa simu mjini Embu akifungua simu iliyoharibika hukutana na vijenzi vidogo kuliko punje ya mchele. Rezista ya aina ya 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Kuiweka kwa kibano inawezekana. Lakini kijana anayetaka kuunda bodi hamsini za taa za sola au za vipima unyevu wa shamba, kila moja ikiwa na vijenzi mia, atachoka macho kabla ya saa sita.

Viwandani kazi hii hufanywa na mashine, kama ilivyo kwa Gearbox Europlacer jijini Nairobi. Karibu nasi, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, kuna kiwanda cha semikondakta. Hata chipu iliyoundwa hapa nchini bado huhitaji kupachikwa kwenye bodi. Kwa karakana ndogo zipo mashine za kukaa mezani.

Kichwa cha mashine kina pua nyembamba inayonyonya hewa. Hushuka kwenye utepe wa vijenzi, huinua kimoja na kukiachia kwenye bodi iliyopakwa uji wa solda. Ugumu ni kwamba kijenzi hakikai sawa puani kila mara, na bodi yenyewe huenda imefungwa upande kidogo. Bodi ya milimita 100 ikipinda digrii moja tu, ncha yake ya mbali husogea zaidi ya milimita moja na nusu. Hiyo ni mara tatu ya upana wa ile rezista.

Ndiyo maana kamera huwa mbili. Ya kwanza hutazama chini kutoka kichwani, ikatafuta alama ndogo za shaba kwenye pembe za bodi. Programu hulinganisha alama hizo na mchoro, ikajua bodi imelala vipi. Ya pili hutazama juu: kichwa husimama juu yake, picha ya kijenzi hupigwa, na programu hupima kimesogea na kugeuka kiasi gani, kisha husahihisha kabla ya kukiweka. OpenPnP, programu huria isiyolipiwa, hufanya kazi hiyo.

Kwa vijenzi vidogo vya ncha mbili, solda ikiyeyuka husaidia kuvivuta mahali pake, ingawa upande mmoja ukitangulia kuyeyuka kijenzi husimama kama jiwe la kaburi. Chipu ya miguu mingi haina huruma hiyo. Miguu ikiachana kwa nusu milimita, kosa la robo milimita huuweka mguu katikati ya vituo viwili, na saketi hushikana.

Mwanga ndio huwasumbua wengi. Karakana yenye mlango wazi ni nzuri kwa fundi, lakini jua likipiga solda inayong'aa kamera hupotea. Mashine ikae mbali na dirisha, itegemee taa zake yenyewe. Kamera pia hupimwa upya ikiguswa au urefu wa bodi ukibadilika, kwa sababu doa moja la picha halilingani tena na kipimo kilekile cha milimita. Umeme ukikatika, jambo ambalo wakazi wanalijua, mashine hupoteza hesabu ya mahali ilipo na lazima irudishwe mwanzo kabla ya kuendelea.

Mashine za bei nafuu zaidi huuzwa bila kamera. Anayechukua mkopo kununua, au kikundi cha vijana kinachochanga, kisikubali kuonyeshwa video. Wamwombe muuzaji afunge bodi upande makusudi, apachike chipu ya miguu mingi mbele yao, kisha waikague kwa kioo cha kukuza kabla ya kulipa.