Kusafisha Picha za Kurasa Zilizochapwa Pande Mbili

Baadhi ya familia zilizohamia Louisville, Columbus na Buffalo kutoka Somalia, Kongo Mashariki na pwani yetu zimebaki na vitabu vya maulidi, magazeti na vyeti vya hati za Kiarabu, aghalabu vya karatasi nyembamba. Ukurasa kama huo ukiskaniwa, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele kama kivuli. Wengi hukimbilia kukifuta. Tunawaomba jamaa wasifanye haraka, kwani katika hati hizi nukta moja hubadilisha jina la mtu.

Ba, ta na tha zina umbo moja. Zinatofautiana kwa nukta tu. Jim, ha na kha vivyo hivyo. Jina Jamal likipoteza nukta yake husomeka hammal, ndilo neno letu hamali, mchukuzi wa mizigo. Na doa la nyuma likiangukia juu ya ha, huigeuza kha. Programu inayofuta madoa madogo haitambui nukta na uchafu, hufuta vyote. Mtafuta nasaba atakayeipata picha hiyo peke yake hatajua kilichoondolewa.

Dawa huanzia kwenye skana. Mwanga hupenya karatasi, hugonga kifuniko cheupe, kisha hurudi na sura ya maandishi ya nyuma. Tunaweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili mwanga humezwe humo, na kivuli hupungua sana. Kitabu kilichoshonwa hutiwa karatasi hiyo baina ya kurasa. Ukurasa ukitoka na giza kidogo, mwangaza hurekebishwa baadaye.

Tunaskani pande zote mbili kwa rangi, pikseli 400 au 600 kwa inchi, na kuhifadhi katika TIFF. JPEG huvuruga kingo za herufi. Asiye na skana atumie ya maktaba ya umma, kama Columbus Metropolitan Library, na aombe picha isiyosafishwa na mashine.

Usafi hufanywa kwenye nakala, kamwe si kwenye asili. Katika programu ya bure kama GIMP, picha ya upande wa nyuma hugeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, hulazwa juu ya ya mbele mpaka herufi zioane na kivuli chake, kisha weusi wake huondolewa kidogo kidogo. Wino uliolowa mpaka mbele hautaisha kwa njia hii. Utapungua tu, na hilo linatosha. Kivuli hafifu si aibu, maadamu herufi zinasomeka.

Mwisho, mjuzi wa hati aisome nakala neno kwa neno akiilinganisha na asili, hasa majina, tarehe na mahali. Picha mbili zihifadhiwe pamoja: ya asili kwa ushahidi, iliyosafishwa kwa kusomea. Wajukuu wakishindana juu ya jina la babu yao, ya asili ndiyo itakayoamua.